Siku Karani Alipovaa Koti la Papa

Nawapanga kwanza waliokuwepo, asije mtu akasema bibi kizee anajitungia. Mezani alikaa muzee mkubwa wa tribinali, mahakama ya mtaa wetu, mtaa wa watu weusi, pamoja na wasaidizi wake wawili. Mmoja wa hao wawili alikuwa baba wa ubatizo wa papa, baba yangu marehemu, na siku ile alitutazama kama watu walioshuka tu kwenye boti kutoka Bukavu. Mlangoni alisimama polisi mwenye kofia nyekundu, mume wa binti wa jirani yetu. Upande wa dirisha alikaa baba mkubwa, kaka wa papa, tumbo moja na baba mmoja, na kando yake shangazi, dada yao, kitindamimba. Upande wa ukuta tulikaa sisi: mama, mjane wa miezi minne; jirani yetu, mama wa Butembo muuza maharage, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale ndani na ndiye peke yake aliyemshika mama mkono; mimi, mtoto wa pekee aliyebaki, miaka kumi; na mwanaume aliyetajwa kuwa kaka wa mama. Huyo wa mwisho hakuwa kaka wa mama. Alikuwa karani wa kuandikia watu barua kwenye baraza la duka, na alikuwa amevaa koti la papa.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na la mbwa aliyelala chini ya meza. Siyaandiki. Wajukuu wao na wajukuu wangu wanachota maji bomba moja, na mimi sitaki mtu anikatie salamu kwa ajili ya maneno ya tangu Wabelgiji.

Papa alikuwa fundi wa mawe. Goma ya miaka ile ya hamsini ilikuwa ndogo, huko Ndosho ambako leo huwezi kupita bila kusukumwa kulikuwa vichaka na mashamba, na nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa za mbao. Yetu ilikuwa ya mawe mpaka kiunoni, mawe ya volkano aliyoyapasua papa mwenyewe kila Jumapili baada ya misa, na juu ya mawe ndipo mbao zikaanza. Watu walikuja kuipigapiga kwa kiganja kama wanavyopigapiga ng'ombe wa kununua. Lakini chini, kwenye parseli yenyewe, kiwanja chetu, hapakuwa na udongo. Mwamba mtupu, mweusi, unaokata miguu. Udongo wa pale mama aliuleta kwa kichwa chake. Kila alipokwenda kununua maharage upande wa Mugunga na mbele yake, hakurudi bila udongo chini ya kikapu. Miaka saba. Aliumwaga nyuma ya nyumba, akauzungushia mawe usichukuliwe na mvua, na mwaka wa nne tulikula maharage yaliyoota mahali ambapo nyasi zilikuwa zimeshindwa. Papa aliwaambia wageni, "Nyumba nilijenga mimi. Shamba huyu alilizaa."

Papa alianguka kutoka juu ya miti ya kupandia, wakijenga nyumba ya mzungu mmoja kando ya ziwa. Mzungu alituma mbao za jeneza, na zilikuwa mbao nzuri kuliko za nyumba yetu. Shangazi alilipapasa lile jeneza, akasema, "Walau alifia kwa mutu mwenye mali."

Koti la papa lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumba. Koti la kahawia, vifungo vya pembe, lilitoka Uganda kupitia Bunagana, na alilivaa misani tu. Siku ya maziko shangazi alipita nyumbani akigusa kila kitu, sufuria, nyundo, kitanda, na alipofika kwenye koti alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Hili lisitoke hapa mpaka siku ya kumaliza matanga." Mama aliinua macho tu. Alidhani shangazi analitamani ili akaliuze sokoni. Kwao mama, huko kwenye vilima vya karibu na mpaka, anayeingia mahali pa marehemu hupewa mkuki. Kwa kina papa mikuki ilikuwa imechukuliwa na serikali tangu zamani, na kilichobaki kuwa alama ni nguo ya juu ya marehemu. Anayeivaa ndiye mwenye nyumba, na ndiye mume wa mjane. Miaka yote ile ya ndoa hakuna aliyekuwa amemweleza mama jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekufa.

Siku ya nne ya kilio baba mkubwa alisema lililomtoa Masisi. Alilisema mdomo umejaa ugali wetu.

"Matanga ikiisha, mimi naingia hapa. Mujane atakuwa mke wa nyumba hii, mutoto atakuwa mutoto wa nyumba hii. Hakuna kitu kitavunjika."

"Na mimi nikikataa, baba?" mama aliuliza.

"Ukikataa, mulango ni ule pale. Lakini ni mulango wa mutu mumoja. Mutoto ni wetu."

Basi shauri lote lilikuwa hilo. Mama alitaka kubaki nami ndani ya nyumba ile, bila baba mkubwa kitandani mwake. Hakutaka zaidi ya hapo. Baba mkubwa alikuwa na wake wawili Masisi, na wa pili tulikuwa tumemwona: alikuja kwenye kilio na jicho limevimba, akasema aligonga mlango.

Mwanamke hakuweza kushika parseli peke yake wakati ule. Ilibidi mwanaume amsemee tribinalini na kuandikwa kwamba anamjibia. Mama alimtumia ujumbe kaka yake wa kweli. Kaka akajibu kwamba ana jipu mguuni. Jipu hilo lilikaa mguuni miezi minne, sijaona jipu lenye subira kama lile. Kila mtu alijua ni nini. Papa alipomwoa mama alikuwa ametoa ng'ombe watatu, na mjomba aliwachukua hao hao akaolea mke wake. Mjane akikataa kurithiwa, ndugu zake wanaulizwa ng'ombe. Mjomba alikuwa na mke, watoto na mguu, hakuwa na ng'ombe.

Ndipo mama alipoanza kutafuta wa kumsemea. Kwanza alikwenda misheni. Padri alimpa karatasi ya ndoa, akagonga muhuri, akamwambia yeye haingii katika maneno ya tribinali, ila atatuombea. Kisha akasikia kwamba kuna avoka, wakili wa wazungu, anayekuja kwa boti na kukaa siku chache kwenye hoteli ya kando ya ziwa. Tulikwenda siku mbili. Siku zote mbili tulisimama karibu na jiko, kwa sababu mbele hatukuruhusiwa. Siku ya pili avoka alitoka kupunga hewa, akatuona.

"Iko nini?" alisema, Kiswahili cha shambani.

"Bwana, ni nyumba. Wanataka kuninyang'anya nyumba na mutoto."

"Wewe iko na tribinali yenu," alisema, na akarudi ndani. Alikuwa na sauti nzuri, tulivu. Nakumbuka viatu vyake vyeupe.

Mpishi wa hoteli alicheka. "Mama, huyu anasemea watu wa kahawa. Wewe uko na kahawa?"

"Niko na maharage."

"Basi rudi ukaipike, nayo itakusemea."

Ni jirani yetu, mama wa Butembo, aliyetuambia habari za karani. Alikuwa kijana wa suruali iliyonyooshwa pasi, kalamu mbili mfukoni, moja haikuandika. Alikuwa amesoma kwa mapadri, akafukuzwa, hakusema kwa nini. Watu walisema anajua sheria kuliko wasaidizi wa tribinali, na walikuwa wanasema kweli. Alikuja kwetu, akasoma karatasi ya ndoa, akasoma karatasi ya parseli yenye jina la papa, akapiga ulimi.

"Mama, uko na haki. Ndoa ya padri, parseli ya mutaa, si shamba ya ukoo. Wanaweza kukuachia. Ila tribinali haimusikie mutu asiye ndugu. Wazungu wako na avoka, sisi tunasemewa na ndugu."

"Ndugu yangu ana jipu."

"Basi mimi nitakuwa ndugu yako."

"Siku ngapi?"

"Asubuhi moja tu."

Jirani yetu alicheka mpaka akashika mlango. Mama hakucheka. Alimwangalia karani kama alivyokuwa akiangalia kikapu cha maharage kabla ya kukinunua, akitafuta yaliyooza chini. Kisha akauliza anataka nini. Karani akainua mkono kuonyesha kiwiko cha shati, kimetoboka. "Siwezi kusimama mbele ya muzee hivi," alisema, na macho yake yalikuwa yamekwisha kufika kwenye msumari.

Mama alilitungua koti palepale. Nilimwona usoni. Alifurahi. Alikuwa anamwona shangazi akifika kuchukua koti la kuuza na kukuta msumari mtupu.

Kisha nikafundishwa mimi. Karani aliketi kwenye kiti cha papa, akanisimamisha mbele yake.

"Mimi ni nani?"

"Karani."

Mama akanifinya mkono wa juu, mahali pa ndani penye maumivu.

"Mimi ni nani?"

"Mujomba."

"Tumbo moja na nani?"

"Na mama."

"Akili anayo," karani alisema. "Alitoa kwa mama yake."

Nilimwambia mama kwamba masera, wale masista wa shule, wanasema uongo unachoma ulimi siku ya kiama. Nilikuwa na miaka mitatu tu ya shule, na yote ilikuwa ya maneno kama hayo. Mama alinishika kidevu. "Uongo ni huu mumoja. Umesikia? Mengine yote watakayokuuliza, sema kweli, wasikushike."

Siku yenyewe karani alisema vizuri. Hata leo siwezi kumnyima hilo. Alionyesha karatasi ya misheni, akaonyesha karatasi ya parseli, Kifaransa akikidondosha kidogo kidogo kama mtu anayetia chumvi huku akionja. Muzee wa tribinali alikuwa akiitikia kwa kichwa. Baba wa ubatizo wa papa akaanza kukumbuka kwamba anatufahamu, akanitolea meno. Nilimwona mama akivua kiatu kimoja chini ya benchi ili kupumzisha vidole, kama mtu aliyefika nyumbani.

Ndipo baba mkubwa alipoinuka. Alikuwa anacheka. Alivuka chumba, akamkumbatia karani kwa mikono miwili, akampiga mgongoni, juu ya koti.

"Shemeji! Miezi mine tunakuita. Jipu imepona?"

Karani hakuwa ameambiwa habari za jipu. "Imepona, shemeji, Mungu mukubwa."

"Mukono gani ile ilikuwa?"

Karani alimtazama mama. Mama alikuwa anatazama sakafu. "Mukono... wa kuume."

"Ah! Na sisi mujumbe alituambia ni muguu," shangazi alisema kutoka dirishani. "Jipu ya siku hizi inatembea."

Watu wakacheka, na polisi wa mlangoni pia. Baba mkubwa hakucheka nao. Alimgeukia muzee. "Hiyo si kitu, muzee, mutu anasahau ugonjwa. Mimi naomba muandike tu: kaka ya mujane amefika, amekubali yeye ni kaka."

Ikaandikwa. Kisha muzee akaniita mezani. Alikuwa na sauti ya upole, na mikono inayonuka tumbaku.

"Mutoto, huyu ni nani wako?"

"Mujomba."

"Tumbo moja na nani?"

"Na mama."

"Vizuri. Umeona," baba mkubwa alisema, "hata mutoto anajua. Sasa muzee, dada ya huyu anakataa nyumba yetu. Sawa, hatumufunge kamba. Lakini ng'ombe zetu tatu huyu ndiye alikula. Mutoto anabaki kwetu, na yeye analipa moja. Namuomba shemeji yangu zile mbili. Akizileta, tutaongea habari ya nyumba mutu na ndugu yake."

Ndivyo nilivyosikia thamani yangu. Ng'ombe mmoja, na si lazima awe na maziwa.

Mama alikuwa anajua kwamba ng'ombe huulizwa kwa kaka. Nimelifikiria jambo hili miaka yote, nikiosha vyombo, nikizaa, nikizika. Nadhani aliona kwamba ng'ombe huulizwa kwa aliyewala. Hakufikiri kwamba kaka wa asubuhi moja anaweza kuulizwa pia. Na karani, aliyejua kila karatasi, alikuwa kijana asiyeoa wala kuoza dada. Hakuwahi kukaa mahali ambapo watu wanahesabiana ng'ombe.

Jasho lilianza kumtoka kwenye masikio. "Muzee," alisema, "jambo la ng'ombe linahitaji siku..."

"Na mimi niko na swali ya kijinga," shangazi alidakia. "Hii koti ni ya nani?"

Wazee watatu wa mezani walikuwa watu wa upande wa kina papa, na nadhani mpaka dakika ile walikuwa wameona koti tu, kama makoti mengine. Sasa wakaliona. Muzee akaweka kalamu chini, akaniuliza mimi tena.

"Mutoto, koti hii ya mujomba ni ya nani?"

Neno hilo sikuwa nimefundishwa. Nilikumbuka kidevu changu mkononi mwa mama. Mengine yote sema kweli.

"Ya papa."

"Papa yako alimupa?"

"Hapana. Papa alikuwa amekufa. Mama alimupa."

Sauti iliyotoka kwa watu wa dirishani sijaisikia tena mahali pengine. Ilikuwa kama watu wanaoonja kitu kitamu. Mama alinitazama na kuwatazama wao, akitafuta ni nini, na niliona kwamba bado hajui. Jirani yetu wa Butembo naye hakujua. Ni karani aliyeanza kujua, maana alikuwa anavishika vifungo vile vya pembe kama vinamuunguza.

Baba mkubwa alimzunguka polepole, akimtazama mbele na nyuma. "Hapana, shemeji, usiogope. Unisaidie tu. Kama uko kaka yake, leta ng'ombe zangu mbili. Kama uko bwana yake, na koti inasema uko bwana yake, leta tatu, juu mimi nilikuwa mbele yako kwenye mustari. Mimi nakubali yote mawili. Chagua."

"Na kama anachagua yote mawili pamoja," shangazi alisema, "hiyo ni maneno ya padri."

Karani alilivua koti. Hakulitupa, alilikunja vizuri, mikono ndani, kama mtu anayepanga nguo za safari, akaliweka juu ya meza. Kiwiko kilichotoboka kikaonekana. "Mimi si kaka yake, muzee. Si bwana yake. Mimi ni karani. Huyu mama alikuja kwangu."

"Mama," muzee alisema, na upole ulikuwa umekwisha, "umeleta uongo kwenye meza yangu. Na umemuvalisha mwanaume koti ya bwana yako mbele ya siku ya kumaliza matanga. Nikuite mujane, ao nikuite nani?"

Mama alijaribu kusema. Alisema, "Ilikuwa koti tu." Alirudia mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyesikia kwa ajili ya kicheko.

Hukumu ilikuwa fupi. Nyumba kwa baba mkubwa, mtoto kwa baba mkubwa, mama aondoke kabla ya misa ya Jumapili, na abebe tu vitu alivyoingia navyo. Muzee akauliza aliingia na nini.

"Aliingia na udongo!" baba mkubwa alisema. "Muulize mutaa yote. Miaka saba anatuletea udongo."

"Basi abebe udongo yake," alisema muzee, na akaita shauri lingine, la mbuzi.

Nje, karani alitupita mbio mbio, akasimama kidogo. "Ungeniambia habari ya koti," alisema.

"Ungeniambia habari ya ng'ombe," mama alisema.

Sikumwona tena yule mtu akiandika kwenye baraza la duka letu. Inasemekana alihamia Rutshuru akaoa vizuri.

Njiani mama alitutangulia mpaka kwenye mti wa msalaba wa misheni. Hapo alisimama. "Nilikufundisha nini?"

"Mujomba."

"Nilikufundisha koti?"

"Ulisema mengine niseme kweli."

Alinipiga kofi moja. Mama hakuwa mtu wa kupiga, na hakupiga kwa nguvu. Jirani yetu akamshika mkono, akamwambia mutoto hana kosa. Mama akasema, "Najua. Lakini ni kinywa chake."

Ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo hiyo mchana shangazi na baba mkubwa waliingia na mikeka yao, wakaketi mbele ya nyumba kungojea Jumapili. Mama akachukua kikapu chake na jembe, akaenda nyuma, akaanza kuchimba. Alijaza, akajitwika, akapita mbele yao, akaenda kuumwaga barabarani mahali malori ya kahawa yanapopita. Akarudi. Akajaza tena.

Shangazi alicheka siku ya kwanza. Aliita wapita njia waje waone mjane anayebeba mirathi. Siku ya pili alinyamaza, maana alikuwa ameanza kuona mwamba. Maharage yalikuwa yametoka maua. Mama aliyang'oa moja moja, akayaweka juu ya kikapu, akayapeleka nayo chini ya magurudumu. Jumamosi shangazi aliinuka kwenye mkeka.

"We mama, acha basi kidogo ya kupanda vitunguu!"

"Muzee alisema nibebe," mama alisema, bila kusimama.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti. Nilimfuata mara moja, nikashika ukingo wa kikapu. "Mama, nikusaidie."

"Toa mukono. Wewe ni wa humu. Kaa."

Jioni ya Jumamosi hakukuwa na udongo wa kujaza hata bakuli. Mama alichukua ufagio, akaufagia ule mwamba, kwenye nyufa na pembeni, kama anavyofagia mtu anayengojea wageni. Alikiacha kikapu mlangoni, mdomo chini.

Jumapili aliondoka kabla ya kengele, njia ya Rutshuru, kuelekea kwao. Alikuwa na kitambaa kimoja kichwani na fungu dogo mkononi. Jirani yetu alimsindikiza mpaka nyumba za mwisho. Mimi nilipanda juu ya mawe ya papa, pale mbao zinapoanzia, nikashika ukingo wa paa ili niweze kuona mbali.

Baba mkubwa hakulivaa lile koti. Alisema karani amelichafua. Likawa blanketi langu mimi, na lilinuka papa kwa muda mfupi, na baadaye lilinuka mimi. Mke wa pili alikuja kutoka Masisi kukaa nasi, na yeye alikuwa mwema siku ambazo hakupigwa. Shangazi aligeuza kile kikapu mdomo juu siku ile ile ya Jumapili, akanipa. Nilibeba udongo kutoka upande wa Mugunga mpaka siku nilipoolewa, na kila nilipoumwaga shangazi alisema, "Endelea. Mama yako alitufanyia chakula ya mawe." Vitunguu viliota. Nilivila.

Nilipoolewa baba mkubwa alipokea ng'ombe watano, kwa hiyo nilikuwa nimepanda bei. Kuna kitenge ambacho hutolewa kwa mama wa bibi harusi. Jirani yetu wa Butembo alitembea siku mbili kukipeleka huko mpakani, ambako mama alikuwa ameolewa tena na ana watoto wengine. Alirudi nacho mkononi. Nilimuuliza mama alisema nini. Hakutaka kunieleza, nikamlazimisha. Mama alikuwa ameuliza kitenge ni cha nani. Akaambiwa ni chako, wewe mama wa bibi harusi. Akasema, "Mupelekee shangazi yake, yeye anajua nguo ya mutu maana yake." Kisha akampa jirani yetu chakula, akampa maji ya kuoga, akamuuliza mavuno ya Butembo.

Sasa mimi ndiye niliyebaki katika watu wote wa chumba kile, labda na polisi, ambaye nasikia yuko Sake na hasikii tena. Inawezekana nimekosea mengine. Inawezekana koti lilikuwa la kijivu, na ng'ombe walikuwa wanne, na mbwa hakuwepo. Mwenye kusimuliwa tofauti na mzazi wake aje anisahihishe, nitamkaribisha kiti. Lakini zaidi natafuta mtu ambaye watu wa kwao walikaa nyumba za mwisho, njia ya Rutshuru, asubuhi ile ya Jumapili. Mimi nilikuwa juu ya mawe, nikitazama mpaka kitambaa chake kilipopotea, na nakumbuka kwamba hakugeuka. Jirani yetu, mpaka anakufa, kila nilipomuuliza alisema jua lilikuwa machoni. Kama kuna aliyeona mwanamke mwenye fungu dogo akisimama na kutazama nyuma, hata kidogo, hata kwa sababu ya kurekebisha kiatu, aje aniambie nilikosea.